Kompyuta ya dukani iliyoninyima habari ya toleo jipya

Kompyuta ya dukani kwangu Langoni, Lamu, ilikuwa na mfumo endeshi wa Ubuntu, toleo la 22.04. Toleo la 24.04 likatoka Aprili 2024. Nikangoja taarifa mpaka nikachoka. Kumbe wenye matoleo ya LTS kama langu, yaani yanayotunzwa kwa miaka mingi, hawaarifiwi hadi litoke la 24.04.1, nalo lilikuja mwisho wa Agosti. Miezi ikapita, kimya. Nikafungua faili /etc/update-manager/release-upgrades: Prompt=never, yaani usiarifu kamwe! Aliyeniwekea mashine ndiye aliyezima. Nikaandika Prompt=lts, yaani arifu matoleo ya LTS, nikanakili kazi za wateja kwenye flashi, kisha nikatoa amri ya kupandisha toleo: sudo do-release-upgrade. Nilianza baada ya isha, nikakesha nayo, maana husimama katikati kukuuliza maswali. Asubuhi printa tu ndiyo iliyogoma. Nikaiongeza upya, ikachapa.