Karatasi ya Pili

Kabla ya kumwona daktari wa kliniki ya maumivu unapewa kalamu nyekundu na karatasi yenye mchoro wa mtu, mbele na nyuma, asiye na macho wala mdomo. Unaambiwa upake rangi panapouma. Nilianzia kwapa la kushoto, nikashuka na mkono, nikarudi kifuani, nikaenda magotini, viganjani, nyayo zote mbili. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa amekaa pembeni amepakata mkoba wangu, akachungulia akasema, "Si ungeandika tu 'mwili mzima' tukaokoa wino."

Matibabu ya saratani ya titi nilikuwa nimeyamaliza zaidi ya mwaka mmoja nyuma: upasuaji pamoja na kutolewa tezi za kwapani, dripu za paklitakseli, dawa ya tibakemikali, mionzi, kisha kidonge cha homoni kiitwacho letrozoli cha kila siku ambacho ningeendelea nacho kwa miaka. Vipimo vilikuwa safi. Watu walikuja kunipongeza, nami nilizipokea pongezi zao nikiwa nimeushika mkono wa kushoto mbali na ubavu, kwa sababu nguo ikipita tu juu ya kiwiko, upande wa ndani, nilikuwa naungua. Ukisema unaumwa unaambiwa ushukuru u hai. Nilikuwa nashukuru. Mtu anaweza kushukuru na kuumwa kwa wakati mmoja, lakini hebu jaribu kumweleza hivyo aliyekuja kushangilia. Hata hospitalini, kila nilipolitaja jambo hili niliandikiwa parasetamoli na kuambiwa litaisha lenyewe.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini. Aliitazama karatasi yangu, akailaza kifudifudi mezani.

"Hii imenieleza kwamba umechoka, mama," akasema. "Tutajaza nyingine, safari hii pamoja."

Akaniomba nifumbe macho. Alikuwa na kipande cha pamba, na kazi yangu ilikuwa kusema "ndiyo" kila nikihisi kuguswa. Mkono wa kulia, ndiyo. Bega la kushoto, ndiyo. Halafu pamba ile ile ikapita upande wa ndani wa mkono wa kushoto, nami nikauvuta kwa nguvu hadi nikagonga kiti cha dada. Kwa pamba! Nilifumbua macho kwa aibu, nikidhani wataniona mwigizaji. Daktari wala hakushangaa. Alichukua kalamu na kuanza kuchora mpaka kwenye ngozi yangu, akigusa nje ya mstari, akigusa ndani, akiuliza, mpaka ukatokea ukanda mrefu kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko. Ndani ya ukanda ule palikuwa na sehemu zilizokufa ganzi kabisa na sehemu zisizovumilia hata upepo, zimepakana.

Akanieleza kwamba kuna mshipa wa fahamu unaotoka kati ya mbavu, unavuka kwapa, na kwenda kuhudumia ngozi ya hapo hapo alipochora. Mpasuaji anapotafuta tezi za kwapani huukuta njiani. Mara nyingi huvutwa, pengine hukatwa, hata mkono wa fundi hodari ukiwa ndio ulioshika kisu. Mshipa uliojeruhiwa unaweza kuanza kupeleka habari za maumivu bila kuguswa na chochote. Uti wa mgongo ukizipokea habari hizo kwa miezi, nao hubadilika, unazikuza, mguso wa kawaida unafika kwenye ubongo ukiwa maumivu. Kovu langu lilikuwa limefunga vizuri sana. Waliokuwa wakilitazama na kuniambia nimepona hawakusema uongo, ila walikuwa wanatazama ngozi.

Ukanda ule akauhamishia kwenye karatasi ya pili. Ulikuwa mwembamba kuliko nilivyopaka mwanzo, na sijui kwa nini jambo hilo lilinipa nafuu kuliko kidonge chochote.

Tukaenda miguuni. Alitoa chuma chenye ncha mbili, akakigonga kikaanza kuvuma, nikafumba macho tena.

"Niambie ukikisikia kinatetemeka kwenye kidole gumba."

Nikasubiri. Nikaendelea kusubiri.

"Ukiweka nitasema, daktari."

"Nimeshaweka, mama."

Dada alitoa sauti ndogo. Miezi yote ile nilikuwa nikimwambia kwamba natembea kama nimevaa soksi zilizojaa mchanga, naye alikuwa akinibadilishia viatu. Kwenye kifundo nilisikia mtetemo wa mbali. Kwenye goti ulikuja wote. Paklitakseli, akaeleza daktari, huidhuru mishipa ya fahamu, na mirefu kuliko yote ndiyo hutangulia kuumia, kwa hiyo mambo huanzia ncha za vidole vya miguu, kisha vya mikono. Kwa wengi hupungua baada ya dripu kwisha. Kwa wengine hubaki, na yakivuka miezi 3 huhesabiwa kuwa maumivu sugu.

Magoti na viganja hakukawia navyo. Letrozoli hushusha homoni ya estrojeni hadi chini kabisa, na karibu nusu ya wanawake wanaotumia dawa za jamii hiyo hulalamikia viungo, hasa asubuhi wanapoinuka. Nisikiache kidonge kwa uamuzi wangu, kwa sababu ndicho kinachosaidia kuzuia saratani isirudi. Kikinishinda kabisa ipo dawa nyingine ya jamii hiyo ya kubadilishia. Kinachosaidia viungo hivyo ni mazoezi, akasema. Mimi nilikuwa nimeambiwa na kila aliyenitembelea nikae nipumzike.

Alikuwa anafunga kalamu dada aliposema, "Mwambie na ya usiku."

Nikamkata jicho. Ya usiku yalikuwa ubavuni, chini ya mahali palipopigwa mionzi, mapya, ya wiki chache tu, nami sikuwa nimeyapaka rangi. Kila aliyewahi kuugua ugonjwa huu anajua hesabu inayopigwa kichwani saa nane za usiku kukiuma mahali papya. Yale ya mkono nilishayazoea, hayakunitisha. Ya ubavuni yalikuwa hayaumi sana, lakini ndiyo yaliyokuwa yakininyima usingizi.

Daktari aliifungua tena kalamu. Aliuliza yalianza lini, kama yananiamsha, kama nikikohoa yanazidi, kisha akabonyeza ubavu kwa kidole kimoja mpaka nikasema hapo. Aliandika kipimo cha mifupa papo hapo. "Haya matatu ya kwanza tunayatibu kuanzia leo," akasema. "Hili la nne hatulitibu mpaka tulijue. Kwa mtu aliyewahi kuwa na saratani, maumivu mapya huchunguzwa kwanza." Hakuniambia nisiogope. Nilimheshimu kwa hilo.

Baadaye nilikuja kusoma habari za Cicely Saunders, yule Mwingereza aliyeanza kama muuguzi akaishia daktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice huko London. Alikuwa akifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa yana mwili, yana hofu, yana jamaa na yana roho, na daktari anayetibu moja tu amefanya robo ya kazi. Mafundisho yake yalihusu zaidi watu wanaokaribia kufa. Sisi tuliobaki tumechelewa kufikiriwa, labda kwa sababu kubaki kwenyewe kunaonekana kunatosha.

Siku ile kliniki nilimuuliza daktari kuhusu mofini, maana baada ya upasuaji ilinifaa sana. Akasema mofini ina siku zake, lakini kwa maumivu yatakayohesabiwa kwa miaka mwili huizoea, dozi hupanda, choo hufunga, kichwa huwa kizito, na wengine hushindwa kuiacha. Kwangu haikuwa ya kuanzia. Alichagua duloksetini, dawa ya kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Kwanza alihakikisha kidonge changu cha homoni ni letrozoli kweli, kwa sababu kingekuwa tamoksifeni angetafuta dawa nyingine: duloksetini huzuia ini kuigeuza tamoksifeni ifanye kazi yake ipasavyo. Miligramu 30 kwa wiki ya kwanza, halafu 60, na kichefuchefu nikitarajie.

"Itaondoa?" dada akauliza.

Akatupa hesabu bila kuipamba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wenye wagonjwa 231 walioumizwa mishipa na tibakemikali, asilimia 59 ya waliopewa duloksetini walisema maumivu yamepungua. Kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, ni asilimia 38. "Yamepungua, sikusema yameondoka. Na ganzi yenyewe sikuahidi."

Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: yakipungua, nataka niweze kufanya nini? Nilikuwa nimejiandaa kutaja namba, kutoka nane hadi sifuri. Nikasema nataka kulala ubavu wa kushoto na kuvaa nguo yenye mikono bila kujipanga. Akaandika maneno hayo hayo kwenye faili, juu ya majina ya dawa. Kwa ajili ya mkono alinipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyenifundisha kujisugua kwa hariri, baadaye pamba, baadaye taulo, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, mpaka ngozi izoee tena kuguswa. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Siku za mwanzo nilisugua huku nalia.

Kipimo cha mifupa kilionyesha ufa kwenye ubavu, mahali palipopata mionzi, na si saratani. Dada alilia kuliko mimi, kisha akanikumbusha nani aliyesema.

Nguo ya mikono mirefu navaa sasa, isipokuwa kitambaa kikiwa kigumu. Ubavu wa kushoto nalala, si usiku wote. Miguu haikurudi kama zamani. Kuungua kumepungua, ganzi ipo, na viatu navipapasa ndani kwa mkono kabla sijavivaa, maana nikikanyaga kijiwe sitajua mpaka nione damu. Barua ya kliniki ya maumivu niliipeleka mwenyewe kwenye kliniki yangu ya saratani. Daktari wa zamu aliisoma hadi mwisho, akasogeza kando majibu ya vipimo, akauliza mkono unaendeleaje. Nilimjibu kwa kirefu, na foleni ya nje ikasubiri.