Mkia Nilioufunga kwa Kamba

Mjomba wangu alikuwa fundi magari Tanga kabla sijazaliwa, na namheshimu. Lakini asubuhi ya tarehe 30 Januari 2019, Minneapolis, Marekani, ikiwa nyuzi 33 chini ya sifuri na gari langu limegoma kuwaka, ushauri wake kwenye simu ulikuwa huu: "Isukumeni, tia gia mbili, achia klachi."

"Mjomba, hii ni otomatiki. Haina klachi."

"Nyie mlioko Ulaya mmezidi kudeka."

Kwake hata Marekani ni Ulaya, tuliache hilo. Siku hiyo hata posta hawakupeleka barua kwa ajili ya baridi, ila wazee ninaowahudumia zamu ya usiku hawana likizo. Nilihitaji gari.

Nikizungusha ufunguo nasikia tiktiktik, taa za dashibodi zinafifia, basi. Betri. Nilijua. Lakini nilipofungua boneti nikaona ule unga mweupe kwenye terminali, vile vichwa vya betri, nikajitia fundi. Kwetu unga ule unaumwagia maji ya moto, unayeyuka, safari inaendelea. Nikaleta birika zima likichemka, nikamwaga kwa madaha, mvuke ukapanda hadi kwenye miwani. Kabla sijamaliza kuifuta, maji yameshakuwa barafu. Terminali, nati, waya, vyote vimevaa kioo! Nusu saa nzima nilikuwa nikiibandua barafu ile kwa mwiko wa ugali. Mwiko, si kijiko cha chuma, maana chuma kikigusa terminali zote mbili utaona cheche ambazo hukuziomba. Mwiko ukapasuka. Mke wangu anaudai mpaka leo.

Jirani yangu, mzee wa Kikisii, akaja na nyaya za kubustia begani, zile za kuazima umeme wa betri ya gari jingine. Nikajua nimeokoka. Kumbe kwanza akainama kutazama ubavu wa betri.

"Haijavimba, kijana, lakini siiamini. Betri iliyoisha chaji huganda, na iliyoganda ukiibusti inaweza kukulipukia usoni."

Akakataa katakata. Tukaifungua kwa spana namba 10, tukaiingiza ndani. Ilikaa sebuleni juu ya gazeti hadi ikapata joto, ndipo akaitia kwenye chaja yake, dirisha limeachwa wazi kidogo kwa sababu betri ikichajiwa hutoa gesi. Dirisha wazi, baridi ile! Mke wangu akaniuliza kama nimerogwa. Kazini nilikwenda kwa lifti ya mwenzangu.

Asubuhi yake tukairudisha mahali pake. Mkono wangu uko kwenye ufunguo, mzee akanyoosha kidole mbele ya gari. "Na huo mkia?"

Sasa hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nililinunua gari lile kwa dola elfu tatu na ushei, na siku hiyohiyo nikaona waya wenye plagi ya ukutani ukining'inia kwenye grili. Nikasema mwenye gari alikuwa akichezea umeme. Nikausokomeza ndani, nikaufunga kwa kamba. Miaka miwili! Kumbe ni hita ya injini. Unaichomeka kwenye umeme wa nyumba, inapasha maji ya injini, na injini nzima inapata uvuguvugu. Maana baridi kali haidhoofishi betri tu, oili nayo inakuwa kama uji wa jana, starta inavuta na hakuna kinachosogea. Mzee alicheka mpaka akashika goti.

Tukaenda kununua ekstensheni, dola ishirini na kitu, ya kutumia nje. Tukaichomeka kwa muda wa saa tatu hivi, tunakunywa chai.

Nikapiga starti. Ikakohoa mara mbili, ikanguruma. Mtaa wa kwanza gari lilidunda kama mkokoteni, matairi yalikuwa yameganda na ubapa wa pale yalipokanyaga, kisha yakalainika.

Nikamrekodia mjomba mlio wa injini, nikamtumia. Akajibu papo hapo: "Umeona? Si mmesukuma?"