Nilivyosajili Picha Zangu Washington Nikiwa Mombasa

Picha niliyopiga Mombasa inalindwa tangu inapoingia kwenye kadi ya kamera. Kenya na Marekani zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya kulinda hakimiliki, kwa hiyo naweza kumshtaki mtu huko Marekani bila cheti chochote cha usajili. Nilisajili katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, iliyoko Washington, kwa sababu ya fedha. Kifungu cha 412 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani kinasema kazi isiposajiliwa kabla ya kuibiwa, au ndani ya miezi 3 tangu ilipochapishwa mara ya kwanza, mwenyewe hapati fidia iliyopangwa na sheria wala harudishiwi gharama za wakili. Fidia hiyo ni dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 ikithibitika mwizi alikusudia. Ukiikosa, unabaki kuthibitisha hasara halisi. Kama picha huiuza dola 50, wakili gani atakubali kusubiri malipo mpaka kesi ishinde?

Wanaodhani cheti ni karatasi tu, watazame kesi ya waandishi wa vitabu dhidi ya kampuni ya akili unde ya Anthropic, iliyoshtakiwa kwa kuchukua vitabu vyao bila ruhusa. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola bilioni 1.5, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu, lakini orodha ya malipo ilibeba vitabu vilivyosajiliwa Washington kwa wakati peke yake. Mwandishi ambaye hakusajili aliachwa nje, hata kama kitabu chake kilichukuliwa vilevile. Hilo linaniuma, maana wengi wetu huku hatukuwahi kuambiwa.

Kusajili picha moja moja ni kupoteza pesa. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ina fomu ya kundi la picha zilizochapishwa: hadi picha 750 kwa ada moja ya dola 55. Masharti yake ni kwamba mpiga picha awe mmoja, mwenye haki awe mmoja, na zote ziwe zimechapishwa katika mwaka mmoja wa kalenda. Picha za Novemba na za Januari haziingii fomu moja. Mimi hufunga folda kila baada ya miezi 2 ili nibaki na nafasi kabla ya ile miezi 3 kwisha. Kwa mwaka ni maombi 6, yaani dola 330.

Kazi kubwa ni kutenganisha zilizochapishwa na ambazo hazijachapishwa, kwa sababu hizi za pili zina fomu yao. Kwa sheria ya Marekani, kuionyesha picha tu hakutoshi kuitwa kuchapisha. Kuuza nakala, au kuzitoa kwa wakala azisambaze, ni kuchapisha. Nilizompa mteja azitawanye naziweka upande wa zilizochapishwa, pamoja na tarehe.

Orodha ya Excel hubeba namba, kichwa, jina la faili na tarehe ya kuchapishwa kwa kila picha. Jina la faili kwenye orodha lifanane herufi kwa herufi na la picha yenyewe. Hapa ndipo maombi mengi hukwama. Picha nazipunguza ziwe JPEG ndogo, nazifunga katika faili moja la zip lisilozidi MB 500, kisha napakia. Tarehe rasmi ya usajili ni siku ambayo fomu, ada na picha zote zimefika, kwa hiyo ukilipa leo na kupakia wiki ijayo, umepoteza wiki. Anwani utakayojaza itaonekana na kila mtu. Tumia sanduku la posta. Barua pepe ya mkaguzi ijibiwe upesi, maana ukikaa kimya ombi hufungwa na ada hairudi.

Kuhusu akili unde, mwongozo wa ofisi hiyo wa Machi 2023 unataka sehemu iliyotengenezwa na mashine itajwe na kuondolewa kwenye dai, isipokuwa ikiwa ni ndogo mno. Kurekebisha mwanga au kupunguza chembechembe sihesabu kuwa kazi ya mashine. Lakini picha niliyoongezewa anga zima na programu naitoa kwenye kundi na kuiombea peke yake kwa fomu ya kawaida ya dola 65, nikiandika kipi nilipiga mimi na kipi nakiacha. Kuficha kunaweza kuangusha cheti mahakamani.

Kwa madai madogo kuna Bodi ya Madai ya Hakimiliki ya Marekani, iliyoanza kupokea kesi Juni 2022. Ada ni dola 100 kwa awamu mbili, 40 kisha 60, na hulazimiki kuwa na wakili. Fidia haizidi dola 30,000 kwa kesi nzima. Unayemdai lazima awe anaishi Marekani, na ana siku 60 za kujitoa. Akijitoa, njia iliyobaki ni mahakama ya shirikisho. Bodi hiyo, tofauti na mahakama, hudai usajili au angalau ombi lililokwisha kuwasilishwa hata kwa sisi wa nje.