File Explorer imenichosha, nimehamia kwenye pande mbili

Jamani wenye kompyuta za biashara, hivi nyie mnaivumiliaje File Explorer, ile programu ya Windows ya kufungulia mafolda? Hapa Mwanjelwa kazi yangu ya stationari ni flashi kutwa nzima, huyu mwanafunzi wa chuo cha MUST kaja kuprinti ripoti ya fildi, yule dereva wa bajaji anataka nyimbo, mama wa kwaya kaleta video anataka ziwekwe kwenye flashi za wenzake wote, na kila mtu ana haraka. Kwa Explorer unafungua dirisha la flashi, unafungua la D (diski ya kompyuta), unayabananisha pembeni, mteja mwingine anaingia, dirisha linajificha nyuma ya Word, basi unaanza upya. Sawa, Windows 11 tangu 2022 wameweka kurasa za juu kama za brauza ila bado unaona folda moja tu kwa wakati, na mashine nyingi za huku mtaani bado ni Windows 10 au hata 7, kwa hiyo hiyo haituhusu sana.

Kwangu mimi cha kwanza ni programu ya pande mbili, yaani inayoonyesha folda mbili kwa pamoja kwenye dirisha moja. Kushoto flashi, kulia kompyuta, unachagua mafaili unabonyeza F5 yanakopiwa upande wa pili, F6 yanahama, F7 folda mpya, F8 kufuta. Mpangilio wa kizamani huo, ulianza na Norton Commander mwaka 1986 enzi za DOS kabla Windows haijatawala, na mpaka leo watu wanaukopi kwa sababu unafanya kazi.

Cha pili, na hapa ndo nina maneno mengi, ni virusi vya flashi. Mteja anachomeka anakuta folda zake zote zimegeuka shotikati, anaanza kulia utafiti wake wa chuo umepotea. Mara nyingi haujapotea! Virusi wameyapa mafaili alama ya kufichwa pamoja na alama ya mfumo, na Explorer hata ukiiambia ionyeshe yaliyofichwa, yale ya mfumo inayabania mpaka ukatoe tiki nyingine huko ndani kabisa ya setingi. Halafu kwa kawaida inaficha herufi za mwisho za jina la faili, kwa hiyo kitu kinaitwa CV.doc.exe wewe unaona CV.doc, unakliki, kwisha habari yako. Kwenye programu za pande mbili kama Total Commander au Double Commander ukishawasha ile ya kuonyesha yaliyofichwa unaona kila kitu kilivyo, unazitoa alama zote kwa mpigo, unafuta takataka, mteja anaondoka anakuombea baraka.

Sasa ipi? Total Commander ni ya Mswisi, Christian Ghisler, ipo tangu 1993 na ni nyepesi ajabu. Ni ya kulipia lakini muda wa majaribio ukiisha haikufungii, kila ukiifungua tu inakuambia bonyeza namba 1, 2 au 3 ndo uingie, inakera kidogo ila ni haki yake. Directory Opus ya Australia ina kila kitu, bei yake ndo ya maofisi makubwa. Ile inayoitwa Files ni nzuri kwa macho, ila kwenye mashine yangu ya dukani ilikuwa inajivuta kama lori linalopanda Kitonga, nikaitoa.

Nimebaki na Double Commander. Ya bure kabisa, haina longolongo ya leseni, ipo ya Windows na ya Linux (mfumo wa bure wa kompyuta). Ninachokipenda zaidi ni Ctrl+M, unabadilisha majina ya mafaili mengi kwa pamoja, kwa mfano nyimbo za bajaji unaziwekea 01, 02, 03 mbele maana redio zingine zinapiga kwa kufuata jina na dereva akipangiwa vibaya anarudi na flashi yake.

Ila msije mkajaribu kuing'oa Explorer yenyewe, desktopu na ule mstari wa chini wenye Start vinaitegemea, iacheni hapo hapo na hiyo mpya mkaiweke pembeni. Na kama laptopu yako F5 inapunguza mwanga wa skrini badala ya kukopi, shikilia Fn au kliki tu vile vitufe vya chini ya programu. Wa Linux Mint ya Cinnamon wala msihangaike kuinstoo kitu, fungueni Nemo, programu yake ya mafolda, mbonyeze F3, pande mbili hizo hapo.