Gari la mbio za sakiti kwenye gereji ya nyumbani: kumbukumbu ya mradi kuanzia meza hadi mizani

Hali ya mradi kwa sasa: gari limesimama kwa magurudumu yake manne, injini inawaka, breki zimeshatolewa hewa, kilichobaki ni mizani na majaribio. Kazi iliyokula muda si injini. Ni vipimo. Milimita mbili zilizopotea mezani, pale fremu inapoundwa, huibuka tena kwenye stering, kwenye breki na kwenye ulaji wa tairi, na zikifika huko dawa yake ni kukata chuma ambacho kimeshachomelewa. Kwa hiyo fremu na saspensheni zimepewa nafasi kubwa hapa, na bodi imepewa sentensi chache.

Gari lililochinjwa

Fremu ni mpya, imeundwa hapa gerejini; vipuri vimetoka kwenye Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza (1989–1997), yenye injini ya 1.8, yaani cc 1,839. Ina injini mbele, inasukuma magurudumu ya nyuma, na kila gurudumu tayari limeshikwa na mikono miwili ya pembetatu, juu na chini. Vilivyohifadhiwa: injini, giaboksi, difu (gia za ekseli ya nyuma), shafti za nyuma, habu na vyuma vinavyozibeba, kalipa, diski na reki ya stering. Reki imetolewa msaada wa haidroliki.

Kuna mtego mmoja kwenye gari hili. Kiwandani, giaboksi na difu vimeunganishwa kwa boriti ndefu ya alumini, na boriti hiyo ndiyo inayoshikilia mkia wa giaboksi na pua ya difu. Kwenye fremu mpya haikai vizuri, kwa hiyo imeachwa. Lakini ukiiacha bila kuweka mbadala, difu inabaki imeshikwa masikio mawili tu, na kila unapokanyaga mafuta pua yake inataka kupanda. Masikio yatapasuka. Pua imepewa kishikio chake chenye bushi, na mkia wa giaboksi umepewa kingine. Mhimili wa giaboksi na ule wa difu vimewekwa sambamba, na kila jointi ya propela shafti ina pembe kati ya digrii 1 na 3. Pembe sifuri kabisa nayo si nzuri, maana beringi za ndani ya jointi hazizunguki na hujichimbia mahali pamoja.

Meza

Meza ni mbao mbili za MDF za mm 18, zimewekwa juu ya fremu ya chuma na kusawazishwa kwa mpira wa maji na vipande vya bati chini ya miguu. Lengo lilikuwa tofauti isiyozidi mm 1 kutoka kona hadi kona. Mstari wa katikati umechorwa kwa uzi uliopakwa chaki, kisha ukakwaruzwa kwa msumari ili usifutike. Kila kipimo cha gari kinaanzia kwenye mstari huo. Kisianzie kwenye bomba lililo karibu, kwa sababu bomba litahama wakati wa kuchomelea, ila mstari hauhami.

Fremu

Bomba za mraba za mm 25 × 25, unene mm 1.5, chuma laini cha kawaida. Mita moja ina uzito wa takriban kilo 1.1, na fremu imekula mita 52, kwa hiyo ni kama kilo 57 kabla ya vishikio. Usitumie bomba zilizopakwa zinki. Moshi wake unaumiza, na chomelea yake huwa na matundu. Jambo la pili ni zito zaidi: usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini kabla ya kuchomelea. Joto na mwale wa mashine vinaweza kuigeuza kuwa gesi ya fosjini, na hiyo ni sumu ya mapafu. Asetoni inatosha, nayo iachwe ikauke kabisa.

Mashine ni MIG (ya kuchomelea kwa waya unaojilisha wenyewe), waya wa mm 0.8, gesi ya mchanganyiko wa argoni na kaboni dioksidi. Mwanya kati ya bomba na bomba usizidi mm 1. Ukizidi, fundi hujaza kwa waya, joto linaongezeka, na kiungo kinavutwa. Hapo ndipo fremu nyingi za nyumbani hupinda. Chomelea ikipoa inasinyaa, na inavuta upande wake. Kwa hiyo fremu nzima, chini na juu, imeshikizwa kwanza kwa nukta kwenye kila kiungo ikiwa imebanwa mezani. Baada ya hapo ndipo zikaja chomelea kamili: sentimita mbili au tatu kushoto mbele, kisha kulia nyuma, kisha upande wa pili, bila kumaliza kiungo kimoja kwa mkupuo.

Hata hivyo imevutika. Vipimo vya ulalo vya sehemu ya injini vilitofautiana mm 1 kabla ya kuchomelea, na mm 3 baada yake. Hazikurekebishwa, na hakuna hasara, kwa sababu vishikio vya saspensheni vilikuwa bado havijawekwa. Vingekuwa vimeshawekwa, magurudumu ya mbele yangehama pamoja na fremu.

Upinde wa kinga, unaomlinda dereva gari likipinduka, ni kazi nyingine kabisa. Hauendi na bomba la mraba. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari (Kiambatisho J, kifungu 253) zinataka upinde mkuu uwe wa bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, angalau mm 45 × 2.5 au mm 50 × 2.0. Mikunjo iwe na nusu kipenyo kisichopungua mara tatu ya kipenyo cha bomba. Bomba likionyesha kasoro ya kubonyea ndani ya mkunjo, ni la kutupwa. Usilijaze wala kulipiga nyundo. Chomelea zizunguke bomba lote, na zile za juu zipigwe kabla bodi haijaziba nafasi ya mkono. Nguzo ya mikanda ya mabega imewekwa ili mikanda irudi nyuma ikishuka kidogo tu: kanuni hizo hizo zinaweka ukomo wa digrii 45 chini ya usawa, na zinapendekeza isizidi 10. Mikanda ikishuka sana, kwenye ajali inaukandamiza uti wa mgongo.

Vishikio vya saspensheni

Kila jozi ya vishikio imepitishwa rodi moja ndefu ya M12 yenye nyuzi mwanzo hadi mwisho, ikabanwa kwa nati pande zote, ikapimwa kutoka mstari wa katikati na kutoka usawa wa meza, ndipo ikashikizwa. Rodi haikutolewa hadi chuma kilipopoa. Ukiitoa ikiwa moto, matundu hayatazamani tena na boliti itaingia kwa nyundo. Boliti inayoingia kwa nyundo inakuambia mkono umeshalazimishwa.

Jointi za duara (zenye mpira wa chuma ndani) kwenye ncha za mikono zimeingizwa nyuzi angalau mm 18, yaani mara moja na nusu ya kipenyo. Zinafaa kuvutwa na kusukumwa. Kupindwa hazitaki. Uzito wa springi ukitua katikati ya mkono wa chini, ile nyuzi ya jointi inapindwa kila shimo la barabara, na siku moja itakatika kwenye nyuzi ya mwisho iliyo nje ya nati. Shokapu imewekwa karibu kabisa na jointi ya nje, na mkono wa chini umeongezewa vibati vya pembetatu. Kila jointi ina washa pana pande zote mbili, ili mpira wake wa ndani ukichomoka mkono usiachie boliti.

Springi za mbele ni za N/mm 60. Uwiano wa mwendo ni 0.65 (gurudumu likipanda mm 10, springi inabanwa mm 6.5), na ugumu kwenye gurudumu ni ugumu wa springi mara uwiano huo kipeo cha pili: 60 × 0.4225, yaani N/mm 25. Uzito uliobebwa kwa kila kona ni takriban kilo 130, na mtetemo wa asili (kona inavyopanda na kushuka yenyewe kwa sekunde) unakuja Hz 2.2. Kwa gari la sakiti lisilo na mabawa, kati ya 2 na 2.5 ni pa kuanzia. Kosa la kawaida ni kusahau kile kipeo cha pili na kununua springi laini kupita kiasi.

Kisha stering. Springi zimetolewa, gurudumu likapandishwa na kushushwa kwa jeki hatua za mm 10, kutoka −50 hadi +50, huku geji mbili za mshale, za kupima mwendo mdogo, zikigusa ubao uliofungwa kwenye habu. Kinachotafutwa ni gurudumu lisilogeuka lenyewe linapopanda. Somo la grafu ni rahisi: mstari ulioinama moja kwa moja, ndani likipanda na nje likishuka au kinyume chake, unasema reki iko juu mno au chini mno. Mstari uliopinda kama bakuli, likigeukia upande mmoja likipanda na pia likishuka, unasema urefu wa tairodi (fimbo inayounganisha reki na gurudumu) haulingani na mikono. Hapa ilikuwa hali ya kwanza. Bati za mm 1.5 chini ya reki, mbili kila upande, zimeimaliza karibu yote.

Mipangilio ya kuanzia: kemba (mlalo wa gurudumu likitazamwa kwa mbele) ya mbele digrii −2.5, nyuma −2.0, kasta (mlalo wa mhimili wa stering ukitazamwa kwa ubavu) 5.5, matairi ya mbele sambamba, ya nyuma yameelekea ndani mm 2 kwa jumla. Nyuma yasielekee nje hata kidogo, la sivyo gari litataka kugeuka mkia wakati wa breki.

Breki

Buster, inayousaidia mguu kusukuma breki, imetolewa. Pedali ina uwiano wa 5:1, masta silinda mbili na upau wa mizania katikati, unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Mguu ukisukuma N 400, upau unapata N 2,000, kila silinda N 1,000 ukiwa katikati. Ya mbele ina kipenyo cha mm 15.9 na inatoa bar 50. Ya nyuma mm 17.8 inatoa bar 40. Wengi hufikiri silinda kubwa ndiyo yenye nguvu. Ni kinyume: kubwa hupunguza shinikizo na kufupisha mwendo wa pedali.

Kwa nini mbele zaidi? Gari na dereva ni kilo 635, kitovu cha uzito kiko m 0.42 juu, umbali wa ekseli ni m 2.3. Likipunguza mwendo kwa 1 g (kasi ya mvutano wa dunia), kilo 116 zinahamia mbele, na mgawanyo wa 50/50 unakuwa karibu 68/32. Valvu ya kiwandani inayopunguza shinikizo la nyuma imeondolewa. Upau na valvu hiyo visitumike pamoja, kila kimoja kitaficha kosa la mwenzake.

Pedali ilibaki ndefu hata baada ya kutoa hewa mara tatu, na mafuta ya DOT 4 karibu lita moja yakaishia kwenye chupa. Hewa haikuwa na kosa. Kalipa za nyuma za MX-5 zina kirekebishi cha breki ya mkono ndani yake. Nyuma ya kalipa kuna boliti ya kuziba, chini yake kuna tundu la ufunguo wa Allen wa mm 4: kaza hadi pedi zishike diski, kisha legeza theluthi ya mzunguko. Pedali ikapanda papo hapo.

Maji, oili, umeme

Injini hii asili yake ni ya kulala kwa upana kwenye magari ya kuvuta mbele. Ilipogeuzwa kwa MX-5, maji yakawa yanaingia na kutoka upande wa mbele, na silinda ya nne inapoozwa vibaya kuliko nyingine. Mtoko wa maji umehamishiwa nyuma ya kichwa cha injini. Rejeta iko chini kuliko kichwa, kwa hiyo tangi la kujazia limewekwa mahali pa juu kuliko vyote; bila hilo hewa inakwama kichwani na geji inaonyesha joto la hewa badala ya maji.

Sampu (bakuli la oili chini ya injini) imewekewa kuta zenye vijimlango vinavyofunguka kuelekea kwenye mdomo wa pampu tu. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande, pampu inavuta hewa, na metali za krenki huanza kuliwa katika muda mfupi sana. Taa ya onyo ni kubwa na iko mbele ya macho, kwa sababu geji ndogo haitazamwi kwenye kona.

Swichi ya kuzima yote ina jozi ya ziada ya vituo. Ukikata betri peke yake, oltaneta itaendelea kulisha mfumo wa kuwashia na injini haitazima. Jozi ya pili inakata umeme wa kuwashia kwa wakati uleule.

Bodi: alumini ya mm 1.2 pembeni, faibaglasi puani. Imefungwa kwa riveti na gundi. Hakuna la ziada.

Kinachofuata

Mizani nne, dereva ndani, petroli nusu tangi, upepo wa matairi umewekwa, fimbo za kuzuia kuyumba zimefunguliwa upande mmoja. Ukipandisha kiti cha springi cha kona moja, uzito unaongezeka hapo na kwenye kona ya ulalo wake, na kupungua kwenye zile nyingine mbili. Lengo ni ulalo mmoja kubeba 50% ya uzito wote.

Baada ya hapo mizunguko mitano ya polepole, kisha kuinua gari. Boliti za M12 za daraja la nguvu 8.8 zimekazwa Nm 80 na kila moja ina mstari wa rangi unaovuka hadi kwenye kishikio. Mstari uliokatika ndiyo boliti iliyolegea. Hiyo haikazwi tena kabla ya kujua kilichoilegeza, na mara nyingi ni rangi iliyoachwa chini ya washa.