Losheni ya mama mkubwa na yale majina marefu ya kwenye lebo

Mwezi wa saba Dodoma wenyeji mnaujua, upepo unaanza alfajiri, midomo inakauka, miguu inapauka kama imemwagiwa unga, na sie tunaouza vipodozi pale Sabasaba ndo msimu wetu. Sasa wiki iliyopita kaja mteja wangu wa siku nyingi, mtu mzima, mi namwita mama mkubwa, nimemwamkia shikamoo kaitikia marahaba huku anatoa kopo la losheni kwenye kapu, analigonga mezani kwangu. "Mwanangu, umeniuzia mafuta ya mashine." Kumbe mjukuu wake kamsomea lebo, kafika kwenye isopropili miristati, akamwambia bibi hiyo ni esta ya kiwandani, ikipita kwenye ngozi inaenda kuganda kwenye damu.

Nikacheka, halafu nikaacha maana yeye hakuwa anacheka. Kemia nimeisoma hapahapa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, cheti kipo kabatini, basi siku hiyo duka likageuka darasa.

Nikamwambia mama mkubwa, lile dumu la alizeti ulilobeba kutoka Singida karibu lote ni esta. Esta ya mafuta ni asidi ya mafuta iliyoshikana na alkoholi, basi, na kwenye alizeti asidi tatu zimeshika glisirini moja, glisirini hiihii ninayokuuzia kwenye kichupa. Ukila mlenda wako wenye mafuta, nyongo inayavunja yale mafuta kuwa vitone vidogo vidogo, halafu kongosho linaleta kimeng'enya kinaitwa lipesi, mi nakiita mkasi, kinakata asidi mbili za pembeni na kuiacha ile ya katikati bado imeng'ang'ania glisirini. Vipande hivyo ndo vinaingia kwenye seli za utumbo mwembamba. Na hapa ndo pananifurahishaga mimi, vikishaingia ndani vinaunganishwa upya vinakuwa mafuta tena, vinafungwa kwenye vipakiti na haviendi moja kwa moja kwenye ini kama sukari inavyofanya, vinapanda na mishipa ya limfu vinapita kifuani mpaka vinamwagwa kwenye mshipa wa damu hapa, chini ya mtulinga wa kushoto. Mama mkubwa akajishika hapo. "Mlenda unapita hapa?" Mafuta yake, ndiyo.

Kwa hiyo ile E471 inayoandikwa kwenye mkate na siagi ya kopo, watu wanaiogopa bure, ni glisirini yenye asidi moja au mbili, yaani vipande vilevile ambavyo utumbo wako unavitengeneza kila ukila chapati. Kiwanda kimewahi tu kukata.

Sasa losheni. Isopropili miristati ni asidi ya miristiki, ambayo ipo kwenye nazi na jina lake limetoka kwenye kungumanga, imeshikana na alkoholi ya isopropili, ile spiriti ya kwenye baadhi ya sanitaiza. Nyingi inabaki kwenye lile tabaka la juu la ngozi, seli zilizokwisha kufa, inalainisha. Inayopenya ni kidogo, na ngozi nayo ina mikasi yake. Ikikatwa, asidi inachomwa kama mafuta mengine, kaboni mbili mbili mpaka iishe, na ile spiriti ini linaigeuza asetoni, inatoka kwa pumzi na mkojo. Hamna cha kuganda hapo.

Lakini sikumdanganya kwamba kila kitu ni salama, maana mkasi kukata ni jambo moja na kilichobaki baada ya kukata ni jambo lingine. Kuna mafuta Marekani waliyaruhusu 1996, yanaitwa olestra, walichukua sukari wakaibandika asidi sita mpaka nane, zikabanana hivyo mkasi hauna pa kuingilia, mafuta yanapita tumboni kama yalivyo, kalori hupati ila unaweza kupata tumbo la kuendesha, na yanaondoka na vitamini A, D, E na K. Halafu kuna hili la mafuta ya kula yaliyosafishwa kwa moto wa zaidi ya nyuzi 200 ili kutoa harufu, mawese ndo yanaongoza, humo zinazaliwa esta za kitu kinaitwa 3-MCPD. Hapo mkasi wetu unafanya kazi vizuri tu, na hilo ndo tatizo, unakifungua kile kitu kinaingia mwilini, na panya wa maabara waliolishwa kingi waliharibika figo. Wazungu wa Umoja wa Ulaya 2018 walipanga kiwango, mikrogramu 2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa hiyo mtu wa kilo 60 asizidishe 120. Alizeti iliyokamuliwa tu mashineni bila kupitishwa kwenye moto ule haina shida hiyo, japo inanukia nyumba nzima.

Na losheni yenyewe ina lawama zake. Hiyo isopropili miristati inalegeza mafuta yaliyopo kati ya seli za ngozi, ndo maana hata watengeneza dawa za kupaka wanaitumia kupitisha dawa. Inafungua mlango. Sasa dada zangu mnaopaka mkorogo asubuhi halafu losheni juu yake, mlango ukifunguliwa anaingia na yule usiyemtaka. Pia kuna nyuso inaziba vinyweleo, chunusi zinatoka.

Mama mkubwa kasikiliza yote kimya. "Kwa hiyo nipake au nisipake?" Nikamwambia paka, miguuni kwenye magaga hasa, ukishaoga ngozi ikiwa bado na maji maji, ila huyo mjukuu mwenye chunusi asiiguse. Akarudisha kopo kwenye kapu. Halafu akataka kichupa cha glisirini, na akasema kwa usumbufu huu wote nimpunguzie. Nikampunguzia mia tano.