Mbali wapi?

Maneno ya maalim hayajanitoka. Ijumaa tumemaliza seti ya pili ya nyimbo za jazi, mimi nikiimba yeye akipiga kinanda, wageni wanaondoka, yeye anakunja waya wa kinanda, akaniambia bila kunitazama: "Mwanangu, ungeanza mapema ungefika mbali." Nikamuuliza, "Mbali wapi, maalim?" Akacheka kidogo, akafunga zipu ya mfuko wake. "Haya, kesho inshaallah."

Basi, ni hayo tu. Lakini nayasikia nikikoroga uji, nayasikia ndani ya daladala, na kila mara sauti yake inabadilika: mara ananihurumia, mara ananisifu, mara ni mzee anayejisemea nafsi yake. Jumatatu nilipeleka barua ya kuacha kazi bandarini, na Jumatano tukasaini mkataba wa hoteli wa mwaka mzima, lakini hata hamu ya kuyaeleza sina.

Mapema lini? Chuo cha muziki hapa Mji Mkongwe kilifunguliwa 2002, nami nishaolewa, nina mtoto mgongoni. Nilipokuwa na miaka 15 jazi ningejifunzia kwa nani?

Mdogo wangu, kuniliwaza, kanitumia habari za Gregory Porter, mwimbaji wa jazi wa Marekani. Alikuwa akicheza futiboli ya Kimarekani chuo kikuu mpaka bega likaumia, baadaye akawa mpishi kwenye mkahawa wa kaka yake kule Brooklyn, na albamu yake ya kwanza ikatoka 2010, ana miaka 38. Mwaka 2014 akachukua tuzo ya muziki ya Grammy. Mdogo wangu alitaka nione ule umri. Kilichonishika mimi ni kingine: mama yake alikuwa mhubiri, na kijana aliimba kanisani tangu utotoni. Na huyo mama, akiwa mgonjwa wa kufa, ndiye aliyemwambia asiache kuimba.

Hapo nikazikumbuka kasida zetu. Maulidi ya Mfunguo Sita, ua limejaa, sisi wasichana tumekaa mkekani, na bibi mwalimu hataki kabisa mtu avute pumzi kabla beti haijatulia. Pumzi ile ile ndiyo niliyoimbia Ijumaa, kwenye ule mstari mrefu wa baladi, wimbo wa mwendo wa polepole. Waimbaji wengine wakifika pale, maalim huwajazia noti ili wapate kupumua. Kwangu hakujaza kitu. Aliweka mikono mapajani akanisubiri mpaka nikamaliza mwenyewe. Na wimbo alikuwa keshaushusha toni nzima bila kuombwa, maana alishasikia sauti yangu inakaa wapi. Hivyo hafanyiwi mtu wa kuhurumiwa! Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu.

Jumamosi sikumuuliza tena. Nilimwomba tufungue na baladi ile ile, akaitikia kwa kichwa.

Ila bi mkubwa ananitia wasiwasi. Goti limevimba tangu juzi, anasema ni baridi tu, anapaka mafuta ya karafuu na kukataa katakata kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja. Usiku huu nimemsikia akishika ukuta kwenda msalani.